Kwa Nini Hesabu za Wanaume na Wanawake Hazilingani?

Kati ya mwaka 2010 na 2012, watafiti nchini Uingereza waliwahoji watu 15,162 wenye umri wa miaka 16 hadi 74 kuhusu maisha yao ya kimapenzi. Maswali ya siri zaidi mhojiwa aliyajibu mwenyewe kwenye kompyuta, bila kumtamkia mtu.

Wanaume walitaja wastani wa wapenzi 14 wa jinsia nyingine maishani, wanawake, 7. Hapa pana fumbo, maana kila uhusiano wa namna hiyo una mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Katika jamii ileile, wastani ulipaswa kukaribiana.

Mwaka 2018 yalitolewa maelezo. Wanaume wachache walitaja idadi kubwa mno, ikapandisha wastani wa wote. Wanaume walielekea zaidi kukadiria, wanawake kuhesabu mmoja mmoja. Tena wanawake walikuwa na msimamo mkali zaidi kuhusu mapenzi ya kupita. Mambo hayo yalipozingatiwa, pengo la 7 lilishuka hadi 2.6 hivi.

Jambo hili ni zito. Mwanamke anayeogopa kuitwa malaya huenda akapunguza idadi. Mwanamume anayesifiwa kwa wapenzi wengi huenda akaongeza. Swali hilohilo la idadi ya wapenzi likiulizwa kliniki, jibu la aibu laweza kumkosesha mtu kipimo anachohitaji. Ukiulizwa, hesabu taratibu, useme kweli. Nawe muuguzi, funga mlango kwanza, kisha uliza bila kukunja uso.