Mtaji wa Ugonjwa Shambani

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, mbele ya wanachama wa Kongo, Kawangware, na ndugu zao wa Kibera)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya magonjwa ya mimea. Mimi ni karani, si bwana shamba. Lakini jambo hili lina hesabu ndani yake, na hesabu ndiyo kazi yangu. Tena wengi wetu, ingawa twalala mjini, twategemea shamba la nyumbani, na wengine hulima mboga katika magunia na vipande vya ardhi mabondeni.

Mwaka 1963 mtaalamu wa Afrika ya Kusini, J. E. Vanderplank, alitoa kitabu juu ya kuenea kwa magonjwa ya mimea. Aliyafananisha na fedha zizaazo riba. Vijidudu vya kwanza, vilivyomo katika mbegu, udongo au masazo ya mavuno, ni mtaji. Kuenea kwake ni riba. Na riba hiyo ni ya namna mbili.

Ya kwanza huhesabiwa juu ya mtaji wa awali peke yake. Karibu na namna hii ni mnyauko wa viazi Ulaya. Mmea hunyauka ungali kijani, na kiazi kikikatwa hutoa ute mweupe. Hakuna dawa ya kunyunyiza iuponyayo. Mbegu chache zenye ugonjwa zitakupotezea mashina machache mwaka huu. Lakini mashina hayo yakiozea shambani huuachia udongo mtaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Na katika nyanda za baridi mmea huweza kuonekana mzima, kumbe kiazi kimebeba vijidudu. Mtu hununua deni akidhani amenunua mbegu.

Ya pili ni riba juu ya riba. Huu ni ukungu uunguzao majani ya viazi, ulioingia Kenya mwaka 1941, na ndio ulioleta njaa kuu ya Ireland tangu mwaka 1845. Palipo na baridi na unyevu, kila doa huzaa mbegu mpya za ukungu kwa siku chache, na upepo huzichukua. Tuchukue mfano: majani yaliyougua yaongezeke maradufu kila siku 2. Juma ana majani 16 yenye ugonjwa, Ali ana 1 tu. Ali atahesabu 2, 4, 8, kisha 16. Baada ya siku 8 amefika pale Juma alipoanzia. Siku 8 ni faida, maana viazi huzidi kunenepa ardhini; lakini si wokovu.

Basi funzo ni hili. Katika mnyauko, ondoa mtaji, nawe umeondoa sehemu kubwa ya hasara. Katika ukungu, punguza mtaji na riba pia: panda aina zinazostahimili, na nyunyiza dawa mapema kabla madoa hayajazagaa. Hali ya hewa hatuitawali, mtaji twautawala.

Kwa hiyo nawasihi wanachama, kabla ya mvua za masika, tusipeleke nyumbani viazi vidogo vya sokoni kuwa mbegu kwa sababu ni rahisi. Afadhali tuchange, tununue pamoja mbegu chache zilizothibitishwa na KEPHIS, tuzizidishe katika ardhi safi. Ardhi iliyopata mnyauko ipandwe mahindi kwa misimu kadhaa, wala isipandwe nyanya, biringani au pilipili, kwani hizo ni jamaa za kiazi na huulisha ugonjwa ule ule. Shina lililonyauka ling'olewe pamoja na udongo wake, wala lisitupwe mferejini, maana maji huubeba ugonjwa kwa jirani. Viazi vilivyojiotea na marundo ya viazi vilivyooza viondolewe, kwani humo ukungu hungojea mvua. Nanyi ndugu wa Kibera, udongo wa gunia ambamo nyanya zilinyauka usitiwe katika gunia jipya.

Fedha tupelekazo nyumbani ni jasho letu. Tusizitumie kulipa riba ya deni ambalo tungeweza kulikataa mlangoni. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.