Picha ya Mtoto Haitumwi Ovyo



Kundi la WhatsApp la darasa limerahisisha kazi: mwalimu hutuma zoezi, mzazi huliona jioni hiyo hiyo. Lakini picha ya mtoto aliyevaa sare yenye jina la shule ikisambazwa nje ya kundi, mtu mbaya hujua pa kumvizia.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023, shule moja nchini ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini.

Basi mwalimu aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kutuma picha. Mtoto akisumbuliwa mtandaoni, pigeni 116, bila malipo.