KOMPYUTA KATIKA SOMO LA HISABATI: MASHINE HUONYESHA, MWANAFUNZI HUTHIBITISHA

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa hisabati wa skuli za sekondari na wa madarasa ya watu wazima, Unguja na Pemba.



Ni nadra kupata somo linaloogopwa na wanafunzi wakubwa kama hisabati. Mtoto mdogo akikosea hesabu ubaoni hucheka, akafuta, akaanza tena. Kijana wa kidato cha tatu, au mama mwenye watoto aliyerejea darasani nyakati za jioni, akikosea mbele ya wenzake huona haya. Akishaona haya mara mbili tatu hunyamaza, na mwishowe hujisadikisha kwamba hisabati haikuwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hasara hiyo ni kubwa, kwani mtu huyo huyo kila siku hupima kitambaa, hugawa mapato ya ngalawa, hukopa na kulipa.

Kwa sababu hiyo inafaa zizungumzwe programu za kompyuta za kufundishia hisabati: ni vitu gani, zinamfaa mwanafunzi kwa lipi, na zinaweza kumpoteza kwa njia gani.

Chimbuko la programu hizi

Programu za aina hii zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967, huko Massachusetts nchini Marekani, Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa wanafunzi. Baadaye zilifuata programu za jometri, kama vile Cabri ya Grenoble, Ufaransa, iliyotokea katika miaka ya 1980, na Geometer's Sketchpad ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1991. Katika programu hizo mchoro hautulii kama ule wa kitabuni, bali hushikwa, ukavutwa na kubadilishwa.

Mwaka 2001 Markus Hohenwarter, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, alianza kutengeneza GeoGebra. Programu hii huunganisha jometri na aljebra: mchoro ukibadilika, mlinganyo wake nao hubadilika papo hapo. Kwa matumizi ya kufundishia yasiyo ya biashara haitozwi fedha, na ikishawekwa katika kompyuta huweza kutumika hata pasipo intaneti.

Mfano wa somo moja

Kabla ya kompyuta kuwashwa, kila mwanafunzi achore katika daftari lake umbo lolote la pande nne. Kisha atafute nukta ya katikati ya kila upande, na aziunganishe nukta hizo nne kwa mistari. Madaftari yakilinganishwa darasa litastaajabu. Maumbo ya nje hayafanani hata kidogo, lakini umbo la ndani kwa kila mmoja ni msambamba, yaani umbo ambalo pande zake zinazokabiliana ni sambamba. Kanuni hii ni ya Pierre Varignon wa Ufaransa, nayo ilichapishwa mwaka 1731, baada ya kufa kwake.

Hapo ndipo kompyuta iwashwe. Mwanafunzi huchora umbo lile lile katika GeoGebra, hushika kona moja na kuivuta atakako. Daftari lilimpa umbo moja, na skrini humpa maumbo mamia kwa dakika chache. Msambamba wa ndani hurefuka, hufupika na huinama, wala hauachi kuwa msambamba. Aliyekuwa akiogopa kukosea huvuta tena na tena, kwa kuwa mashine haimcheki wala haimwambii mtu.

Baada ya hapo mwalimu aulize: "Kwa nini?" Swali hilo skrini haina jibu lake. Jibu hupatikana kwa kuchora ulalo mmoja, ambao huligawa umbo la nje katika pembetatu mbili. Katika pembetatu yoyote, mstari unaounganisha nukta za katikati za pande mbili huwa sambamba na upande wa tatu, na urefu wake ni nusu ya upande huo. Hapa upande wa tatu wa pembetatu zote mbili ni ule ulalo mmoja. Kwa hiyo pande mbili zinazokabiliana za umbo la ndani ni sambamba na ulalo, na kila moja ni nusu yake. Zikiwa sambamba na sawa kwa urefu, umbo hilo ni msambamba bila ya shaka. Mwanafunzi aliyefika hapo hategemei tena macho yake peke yake.

Hatari ya kuridhika mapema

Wapo watakaosema kwamba mifano mamia inatosha, na uthibitisho ni kujisumbua. Hao wapewe hesabu iliyoelezwa na Leonhard Euler mwaka 1772. Chukua namba nzima, izidishe kwa yenyewe, toa namba hiyo, kisha ongeza 41. Kwa 1 jibu ni 41, kwa 2 ni 43, kwa 3 ni 47, kwa 4 ni 53. Zote ni namba tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Hesabu hii ifanywe kwa lahajedwali, ile programu ya majedwali inayotumika maofisini. Safu itashuka hadi namba ya 40, ambayo jibu lake ni 1,601, na majibu yote 40 ni namba tasa. Nani hataapa kwamba kanuni imepatikana? Safu ya 41 hutoa 1,681, ambayo ni 41 mara 41, na kiapo kimevunjika.

Mashine hailalamiki

Mfano wa tatu unatoka katika elimu inayojulikana vyema visiwani humu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Kwa hivyo mirathi na aljebra vimefundishwa pamoja tangu zamani, na mtu mzima aliyepitia chuoni huingia katika somo la sehemu akiwa na mtaji.

Tuseme marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na baada ya gharama za maziko, madeni na wasia zimebaki shilingi 7,200,000. Mke hupata thumni, yaani 1/8, nayo ni 900,000. Mama hupata sudusi, yaani 1/6, nayo ni 1,200,000. Zinazosalia, 5,100,000, ni za mtoto. Lahajedwali hufanya kazi hii barabara.

Sasa tuseme marehemu ni mwanamke aliyeacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali ni shilingi 8,400,000. Fungu la mume ni 1/2, na la dada wawili ni 2/3. Asiyefahamu ataandika sehemu hizo, na kompyuta itatoa 4,200,000 na 5,600,000. Jumla ni 9,800,000, yaani zimegawiwa shilingi 1,400,000 ambazo hazipo. Mashine haitalalamika, kwani imejibu ilichoulizwa. Anayefahamu ataona kuwa 1/2 na 2/3 ni 7/6, na kwamba hapa pana auli: asili ya 6 hupandishwa kuwa 7. Mume hupata 3/7, ambazo ni 3,600,000, na dada hupata 4/7, ambazo ni 4,800,000, kila mmoja 2,400,000. Ifahamike kwamba hii ni mifano ya darasani tu. Mirathi yenyewe hupelekwa kwa Kadhi.

Mambo ya kuzingatia

(a) Mwanafunzi akisie na aandike makisio yake kabla ya kubonyeza chochote. Asiyekisia hutazama skrini kama atazamaye sinema.

(b) Kompyuta moja inatosha darasa zima, iwapo wanafunzi watapokezana na mwalimu hataikalia peke yake.

(c) Kila somo liwe na njia ya daftari, rula na uzi. Unguja ilikosa umeme wa kutoka Tanzania Bara kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Somo linalosimama kwa sababu umeme umekatika halikuwa limeandaliwa.

(d) Kila somo lifungwe kwa mwanafunzi kueleza sababu kwa maneno yake mwenyewe, kwa mdomo au kwa maandishi, na akikosea asichekwe.

Ndugu walimu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Programu njema humpa mwanafunzi mkubwa mahali pa kukosea bila ya kufedheheka, na hiyo ni neema. Lakini kumuuliza "kwa nini", na kumsubiri mpaka ajibu, ni kazi iliyobaki kwa mwalimu.