Gari Kuukuu la Bei Nafuu: Kagua Kabla ya Kulipa

MUZIKI WA KUFUNGUA: Sekunde 15, kisha unashushwa.

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji, popote mlipopata hifadhi: Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na kwingineko. Wakati wa kugawana akiba ukifika, vikundi vingine husema: tusigawane, tununue gari lifanye kazi. Lisombe mahindi, lipeleke bidhaa sokoni, libebe wagonjwa. Wazo ni jema. Lakini gari lililochaguliwa vibaya linaweza kumeza akiba ya watu ishirini kwa mwezi mmoja. Leo tunaye fundi wa magari atakayetueleza mambo ya kukagua. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante sana. Ndugu zangu, nianze na neno moja la kushika. Nguvu ya mnunuzi iko mfukoni mwake. Pesa ikiwa bado kwako, muuzaji anakusikiliza. Ikishatoka, nguvu yako nayo imetoka. Kwa hiyo kila ukaguzi ufanyike kabla ya kulipa, hata kama dalali anakuambia kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni.

Kabla ya injini, tuanze na sheria. Nchi hazifanani. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kumiliki mali. Tanzania, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kakuma nako safari za nje zina masharti yake. Basi jiulizeni: gari hili litapita wapi, nani ataliendesha, na je, ana leseni? Nendeni kwenye ofisi ya msaada wa sheria kambini mwulize kama vitambulisho vyenu vinatosha kuandikisha gari kwa jina lenu.

Msikubali haraka kuliandikisha kwa jina la rafiki mwenyeji. Urafiki ni mzuri, lakini mbele ya polisi, mwenye jina kwenye kadi ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari. Rafiki huyo akifariki au mkigombana, mtathibitishaje kwamba pesa zilikuwa zenu?

Sasa shika kadi ya gari, ile ambayo Kenya na Uganda wengi huiita logibuku. Iwe kadi yenyewe, si nakala. Soma namba ya chesisi iliyoandikwa humo, kisha itafute kwenye chuma cha gari. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo na namba ya injini. Ukiona chuma kimechongwa au kimechomelewa penye namba, ondoka. Halafu ulizeni kwenye ofisi ya serikali inayosajili magari: gari ni la nani, na je, limewekwa rehani kwa mkopo? Gari la rehani linaweza kuchukuliwa na mkopeshaji hata kama ninyi mmelipa.

Tahadhari pia na gari lenye namba za nchi jirani. Mara nyingi gari la namna hiyo limeingia kwa kibali cha muda tu. Mkilinunua bila ushuru wa forodha kulipwa, linaweza kukamatwa. Ndiyo maana huuzwa rahisi.

MUZIKI MFUPI: Sekunde 5.

FUNDI: Karatasi zikiwa safi, twende kwenye gari lenyewe. Nenda mchana, jua likiwaka. Usikague gari lililotoka kuoshwa, kwa maana maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Isiponata, hapo huenda chuma kimeliwa na kutu na kuzibwa kwa puti. Inua mazulia ya ndani utazame sakafu. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: ukikuta matope mwishoni, huenda gari liliwahi kuzama kwenye maji.

Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ni ya moto, jiulize kwa nini ameliwasha. Injini nyingi zilizochoka husumbua kuwaka asubuhi zikiwa baridi, zikishapata moto huwaka vizuri. Kwa hiyo usikague siku hiyo, rudi kesho.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukiona uchafu mzito wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi. Hiyo ni kazi ya gharama kubwa. Fungua na rejeta uone kama kuna mafuta yanayoelea. Lakini nasisitiza: rejeta hufunguliwa ikiwa baridi tu. Ikiwa ya moto, maji yake yatakuunguza uso na mikono.

Sasa washa, mwenzako asimame nyuma. Mvuke mweupe mwepesi wakati wa baridi ukiisha baada ya muda, si tatizo. Moshi mweupe mzito usioisha ni dalili ya maji kuungua ndani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi, injini ya petroli inakunywa mafuta kupita kiasi.

Tazama taa za dashibodi. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini na ya oili ziwake. Injini ikinguruma, zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili kuficha ugonjwa.

Usiamini namba ya kilomita peke yake, kwa maana hurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na usukani uliosuguliwa ukang'aa vitakuambia zaidi. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililolika upande mmoja linaonyesha magurudumu hayajanyooka, au vyuma vya chini vimepinda.

Kisha liendeshwe na mwenye leseni kwa nusu saa hivi, barabara mbovu na mlima vikiwemo. Sikiliza milio ya chini. Funga breki: je, linavuta upande? Fuata mshale wa joto. Ukipanda juu, simameni. Gari la gia za mkono lina kipimo cha klachi. Simama mahali tambarare pasipo na watu, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha.

Na mlete fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mlipeni ujira wake hata akiwaambia msinunue. Hapo ndipo amewaokolea pesa.

Kuhusu bei, msimalize kapu. Tuseme kikundi kina shilingi milioni 10 za Uganda. Tafuteni gari la milioni 7 au 8. Zinazobaki ni za bima, kubadili jina, oili, tairi na betri. Chagueni aina iliyo nyingi hapo mlipo, kama Toyota Corolla au Probox, ambayo vipuri vyake na mafundi wake hawako mbali. Gari zuri lisilo na vipuri litageuka banda la kuku.

Siku ya kulipa, andikeni mkataba wenye namba za gari, bei, tarehe, saini na mashahidi wa pande zote mbili. Lipeni kwa benki au kwa simu ili malipo yaache alama. Pesa itoke wakati kadi yenyewe na fomu ya kubadili jina iliyosainiwa vinapoingia mkononi. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, mwageni kwa heri. Magari yapo mengi. Akiba yenu ni moja.

MTANGAZAJI: Ahsante fundi. Ndugu wasikilizaji, kabla hamjatawanyika, jadilini maswali haya:

1. Gari letu litaandikwa kwa jina la nani, na kwa nini?
2. Nani kati yetu atakwenda kukagua, na fundi gani tunamwamini?
3. Gari likiharibika mwezi wa kwanza, pesa za matengenezo zitatoka wapi?

Kwaherini, tukutane tena katika kipindi kijacho.

MUZIKI WA KUFUNGA.