Majeruhi wa Bumbire: kazi ifanyike mwaloni

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria jirani na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa. Waliowahi kufika hawakuwa na machela wala oksijeni. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Na hapo ni mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mada hii inahusu Bumbire, kisiwa cha Muleba, ambako kati ya majeruhi na chumba cha upasuaji kuna maji.

Tuseme mvuvi wa dagaa amekatwa paja na propela ya injini. Wenzake wanambeba mzobemzobe hadi kwenye boti, nahodha anavuta kamba, safari. Haraka hiyo huua. Boti ikishaanza kurukaruka juu ya mawimbi, kupata mshipa wa kuwekea dripu ni bahati nasibu, na mlio wa injini unameza sauti ya mapigo anayoisikiliza mpima presha.

Kwa hiyo damu izuiwe nchi kavu. Jeraha ligandamizwe kwa nguvu; lisipotulia, paja lifungwe juu yake kwa kitambaa kipana kinachokazwa kwa kijiti, na saa ya kufunga iandikwe kwenye plasta. Kisha asidi ya traneksamiki, gramu 1 mshipani kwa dakika 10. Utafiti wa CRASH-2 wa 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa inapunguza vifo. Lakini ikianza kutolewa baada ya saa 3 tangu kuumia inaweza kudhuru. Saa hizo zaweza kuishia majini. Dawa hiyo ikae kisiwani.

Oksijeni nayo ina hesabu yake: mtungi wa lita 680 ukifunguliwa lita 10 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 68, na usiwekwe karibu na dumu la petroli. Sakafuni mwa boti hutuama maji; mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Nguo mbichi zivuliwe, majeruhi aviringishwe blanketi, juu yake turubai.

Linalosahaulika zaidi ni makabidhiano. Majeruhi atapita mikononi mwa watu wa boti, wa gari, kisha wa hospitali ya Rubya au Kagondo, na pengine ya Bukoba au Bugando. Barua nzuri ya rufaa haina kazi ikibaki mfukoni mwa ndugu aliyeachwa mwaloni akitafuta nauli! Itiwe kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa mwilini mwa majeruhi. Hospitali ipigiwe simu kabla kamba ya boti haijafunguliwa. Anayemsindikiza aseme kwa nusu dakika, wengine wakinyamaza: umri, kilichotokea na saa ngapi, majeraha, presha na mapigo, alichopewa na saa alipopewa.

Namba 115 ya mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima 2022, huwatafutia usafiri wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mvuvi aliyekatwa na propela hayumo. Hadi atakapoingizwa, BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya kila mwalo wa Bumbire iteue boti moja na nahodha wa zamu, na itenge petroli ya safari hiyo ambayo haiguswi kwa kazi ya dagaa.