Nchi Jirani: Elimu Maalumu na Elimu ya Kuhesabu

Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilitangaza kwamba wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi. Uganda, katika sensa yake ya mwaka 2014, ilikuwa imetangaza asilimia 12.4 ya wenye miaka 2 na zaidi. Je, mpaka wa Busia ndio unaowagawa vipofu na viziwi namna hiyo? Hata kidogo. Uganda ilimhesabu hata mwenye shida kiasi ya kuona, kusikia au kutembea. Kenya ilianzia kwa mwenye shida kubwa.

Kwa hiyo mwalimu anayesomea shahada ya pili ya elimu maalumu, awe Kenyatta au Kyambogo, hana budi kuzimudu takwimu kama anavyoimudu lugha ya alama. Wapo wanaozikimbia, wakidai hiyo ni kazi ya wachumi. Askari hawezi kusema hivyo: kikosi kilichopeleka hesabu pungufu ya gwaride hupokea chakula pungufu. Mtoto kiziwi aliyeachwa nje ya hesabu hapangiwi mwalimu, na shule ya kijijini kwake humwita mtukutu.