Wagombea Wawili, Jukwaa Moja: Maneno kwa Wanachama wa Tanga



Tumekuja mbele yenu kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni kura za maoni. Twasema sasa, kabla fomu hazijachukuliwa na magari hayajabandikwa picha, kwa kuwa ukifika wakati wa uchaguzi masikio huziba. Mtu akitoa neno huulizwa kwanza, "Wewe ni wa nani?"

Wazee wetu wa Tanga waliijua kura mapema. Septemba 1958 Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano ya mwanzo kupiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria. Na kura yenyewe ilikuwa ya ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa. Ilikupasa uwe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambuliwa na Serikali. Je, mkata mkonge wa Muheza au mvuvi wa Moa angezipata wapi pauni 150? Basi wachache walipiga kwa niaba ya maelfu waliosimama nje ya mlango. TANU ilikwisha kata shauri kule Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo pamoja na ubaya wake, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda.

Ukaja mwaka 1965. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na swali lilikuwa gumu: mwananchi atachagua nini ikiwa chama ni kimoja? Jawabu lilikuwa hili. Watu walioomba ubunge walipigiwa kura kwanza na mkutano wa TANU wa wilaya. Majina yakapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo mara nyingi iliwateua wawili waliopata kura nyingi zaidi, na mara chache ikabadilisha. Wawili hao mmoja alipewa alama ya Jembe na mwenziwe alama ya Nyumba, nao wananchi wote, wanachama na wasio wanachama, wakaamua.

Yafaa tukae kidogo hapo. Mikutano ya kampeni iliandaliwa na chama. Wagombea walisimama jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, wakasema Kiswahili tu. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Aliyepata Jembe aliwaambia watu bila jembe hakuna chakula, na wa Nyumba akauliza chakula hicho mtakilia wapi! Watu walicheka, lakini walipima. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam, na Amir Jamal akashinda Morogoro. Miaka saba tu baada ya kura ya rangi tatu, mwananchi alikuwa anapima mtu kwa kazi yake.

Hatusemi ya kwamba utaratibu ule ulikuwa hauna kasoro. Nje ya TANU hakukuwa na mlango mwingine, na hilo lilibadilishwa mwaka 1992 kwa haki kabisa. Twasema tu ya kwamba ndani ya mlango ule mmoja wanachama walitangulia na wakubwa wakafuata.

Sasa tutazame ya siku hizi. Mwaka 2025 mambo yalikwenda kinyume: Kamati Kuu ilichuja majina kwanza, kisha Agosti 4 wanachama wakapiga kura juu ya yale yaliyorudi. Huko Bumbuli mbunge aliyekuwapo tangu 2010 hakurudishwa. Huenda sababu zilikuwapo, nasi hatumtetei mtu. Lakini mwanachama wa Bumbuli aliyetaka kumkataa kwa kura yake, na yule aliyetaka kumchagua tena, wote wawili walinyang'anywa kazi yao.

Wenye kutetea mchujo husema bila huo fedha zitaamua. Neno hili lina uzito. Sote twawajua wagombea wanaofika usiku na bahasha, sukari na vitenge, na wajumbe wanaopokea kwa wawili watatu kisha wakampa kura wa nne. (Mwaka 2020 walioshindwa walilia nchi nzima kwamba wajumbe si watu wazuri. Wao walikuwa wazuri walipokuwa wakigawa?) Sheria iliwahi hata kuihalalisha takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini fedha haiishi kwa kuhamishwa. Ukimwondolea mjumbe wa kata uamuzi, mwenye fedha atamtafuta huyo aliyepewa uamuzi, naye yuko mbali na macho yetu.

Tena tusisahau ya kwamba mwenye kura ya mwisho si mjumbe. Mwaka 2015 Tanga Mjini palikwenda kwa CUF.

Twaomba basi matawi ya Tanga, Mkinga, Pangani na Muheza yapeleke pendekezo moja katika vikao vya wilaya: kura za wanachama zitangulie, mchujo ufuate, na kila jina litakalokatwa lirudi na sababu iliyoandikwa. Wagombea wasafiri katika gari moja la chama na wasimame jukwaa moja. Hapo waulizwe. Bomba la mafuta linalotoka Hoima linaishia Chongoleani: vijana wa Chongoleani watapata kazi gani baada ya ujenzi? Baruti zilizoharibu matumbawe yetu, nani alikuwa akiziuza? Bahari inayokula ufuko wa Pangani itazuiwa kwa nini, na kwa fedha ipi? Asiyeweza kujibu hayo mbele ya mpinzani wake, akiwa hana bahasha mkononi, tutamjua saa ile ile.

Makatibu wa matawi waandike pendekezo hili katika mihtasari yao, kwa majina ya waliokubali na waliokataa.